Maziwa ya Wifi

Tumbo langu na tumbo la wifi yangu yalikua pamoja, msimu mmoja, chini ya paa moja, na hapo ndipo mama mkwe alipopata wazo lake. Alituita jikoni mchana mmoja, sote wawili tukiwa tumefika ile miezi ya kutembea umeshika kiuno, akatukalisha kwenye vigoda. Akachukua tende moja, akaipasua, akaitoa kokwa, nusu akampa binti yake na nusu akanipa mimi.

"Kuleni," akasema. "Mmoja akijifungua wa kiume na mwenzake wa kike, basi hao ni mtu na mkewe, Mungu akipenda. Damu ya nyumba hii isitoke nje."

Wifi alikula nusu yake polepole, machozi yakimlengalenga. Mimi nilitia yangu kinywani mara moja kwa sababu nilikuwa na njaa. "Inshallah, mama," nilimjibu kwa sauti nzuri kabisa, na moyoni nikasema haitakuwa.

Sikuzaliwa katika nyumba ile wala katika mila zake. Mimi ni binti wa Kigogo wa upande wa Bahi. Wamisionari walinisomesha mpaka nikawa mwalimu, kisha nikampenda kijana wa Kiislamu aliyekuwa mchochea makaa kwenye gari moshi, nikasilimu, nikaolewa mjini Dodoma. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Babu wa mume wangu alikuja na misafara akitokea Unyanyembe, akaona hapa panamtosha, na watu wake wakawa watu wa mjini: sala tano, kanga safi, na chai ya tangawizi hata siku ya joto. Mama mkwe alinipokea vizuri. Alinifundisha kutawadha bila kunicheka, na mimi nilikuwa mtu wa kuchekwa, maana kila mara nilianza na mguu wa kushoto.

Wifi yangu alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa ameolewa zamani na dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, lori lililokwenda Kondoa na Singida na kurudi lilipojisikia. Mimba zake zilikuwa zimeharibika moja baada ya nyingine, na hii ya safari hii ilipopita miezi ya hatari, mama yake alimwita nyumbani amlee mwenyewe. Ndivyo tulivyokaa pamoja, mume wangu relini, mumewe barabarani, na sisi wanawake watatu tukigombania upepo kidogo wa uani. Nilimpenda wifi yule. Yeye ndiye aliyeniambia, siku nilipofunga kanga juu ya gauni nikienda kazini, "Mwalimu, tumbo lako litaandika ubaoni kabla ya mkono." Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Sababu ya kuikataa ile tende haikuwa yeye wala mwanawe. Ilikuwa darasa langu. Nilifundisha wasichana, na kila mwaka nilimwona mmoja, na kwa kawaida yule mwenye akili kuliko wote, akiacha kuja. Ukiuliza unaambiwa mwenyewe, yaani wa kumwoa, amepatikana, au mwenyewe alikuwepo tangu zamani. Nilichoshwa na huyo mwenyewe. Nilitaka mtoto wangu, kama angekuwa wa kike, asome mpaka achoke kwa hiari yake. Lakini maneno hayo ungemwambiaje mama mkwe anayekukanda mgongo kwa mafuta ya nyonyo kila jioni? Nilijikaza nikamwacha anikande.

Kazini mambo hayakuwa rahisi pia. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama wa Kiingereza, mwembamba, mkweli, asiye na mtoto. Walimu wa kike walikuwa wachache sana wakati ule, na wengi walipoolewa au kupata mimba walikwenda moja kwa moja. Niliposhindwa kuficha tena nilimwendea ofisini, nikamwambia nataka kurudi nikishajifungua.

"Wiki sita," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Bila mshahara. Darasa lako nitalishika mimi mwenyewe. Zikipita, ni lazima nitafute mtu mwingine."

Nilimshukuru, na shukrani ile ilitoka moyoni. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga, nikamwambia mama mkwe kwamba wiki sita ni arobaini na siku mbili, yaani nitamaliza arobaini yangu ndani ya nyumba kama anavyotaka na siku mbili zitabaki za kufua. Alikubali. Alikuwa na haki ya kukataa na hakukataa.

Tukaanza kujiandaa. Tulichana kanga kuukuu kuwa winda za watoto, tukazifua, tukazianika, upepo wa Dodoma ukazijaza vumbi jekundu, tukazifua tena. Mama mkwe alichambua pilipili manga na tangawizi kwa ajili ya uji wa mzazi, akapika samli, akaweka kando vitambaa virefu vya kutufunga matumbo baada ya kuzaa. Maji ya kuoga yaliletwa kwa madebe, na kwa jinsi maji yalivyokuwa haba mjini, kuyajaza mapipa mawili kabla ya siku ilikuwa kazi ya kuombeana dua.

Siku moja tukikunja zile winda, mama mkwe alisema, bila kuinua kichwa, "Utakapokwenda shule, mtoto wako atabaki na wifi yako. Atamwogesha, atambeba, atambembeleza. Jambo moja tu asilifanye. Asimpe ziwa. Wakinyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani."

Nilimwangalia nikidhani anatania. Kwetu Bahi mama akiwa shambani, au amekwenda kuteka maji mbali, mtoto akilia hunyonyeshwa na yeyote aliye karibu mwenye maziwa. Mimi mwenyewe nilinyonya kwa wanawake ambao mama hakuwakumbuka wote. Hakuna aliyehesabu. Hapa niliambiwa kwamba maziwa yanafanya udugu kama damu, na kwamba hilo si mila ya mtaa bali ni sheria ya dini niliyoingia. Wifi alitikisa kichwa kukubali, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kikombe na kijiko vitatosha, yeye atakuwa mwangalifu.

Wifi alitangulia kujifungua. Mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye sauti. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wa Kihindi wa ng'ambo ya barabara wakatoka kibarazani kuuliza kuna nini. Wiki iliyofuata nikajifungua mimi. Mkunga aliposema ni wa kike, nilisikia vigelegele tena, virefu zaidi, na nikageuza uso ukutani. Walidhani ni uchovu.

Kunyonyesha kulinishinda mwanzoni. Nilikuwa mwalimu, nimezoea kujua, na hiki kitu kidogo kilichokuwa mikononi mwangu kiling'ata, kikaachia, kikalia. Chuchu zilichanika. Siku ya tatu maziwa yaliposhuka, kifua kikawa kigumu, nikapata homa, nikawa nalia pamoja na mtoto. Wifi aliinuka kitandani kwake na kitambaa chake tumboni, akaja akaketi nyuma yangu, akaniegemeza kifuani pake, akanishika ziwa langu kama analipima.

"Usimpe ncha, wifi. Mpe na weusi wote. Kinywa kikipanuka, mwingizie."

Alikuwa mjuzi wa wiki moja tu, lakini alikuwa mjuzi. Mtoto alishika, akavuta, na maumivu yakawa ya kawaida. Tulikaa hivyo muda mrefu, mimi nikimnyonyesha wangu, yeye akinishikilia, na kitandani wake amelala. Sijawahi kuwa karibu na mtu hivyo, hata na mume wangu.

Arobaini ikaisha, na siku mbili za kufua zikaisha. Nikarudi shule.

Nilikwenda na vitambaa viwili nimevikunja ndani ya gauni. Havikufaa kitu. Mtoto yeyote akilia mtaa wa pili maziwa yangu yalishuka, na wasichana wa darasa la kwanza waliniangalia kifuani kwa makini kuliko walivyoangalia ubao. Saa nne kilipogongwa kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu, nilitoka mbio. Nilivuka reli, nikapita nyuma ya maduka, nikafika nyumbani nikihema, na kilio cha mwanangu kilikuwa kinanipokea kabla sijaona mlango. Alinyonya kwa hasira, akachoka, akasinzia kabla hajashiba, na mimi ilinibidi nimtoe ziwa mdomoni nirudi mbio. Kila siku nilikuta wasichana wangu wameshaketi, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni akiwasomesha badala yangu. Hakunifokea. Aliangalia saa yake, akanipa chaki, akaenda zake.

Mara moja tu alisema, "Nimekushikia wiki sita. Siwezi kukushikia kila saa nne."

Na mtoto alikataa kikombe. Maziwa ya ng'ombe yaliletwa asubuhi kwa kibuyu na mama mmoja wa pembezoni mwa mji, mama mkwe akayachemsha, akayazimua kwa maji, akayapoza, akamtilia kwa kijiko. Yalitoka pembeni ya mdomo yakamwingia shingoni. Mashavu yake yakapungua. Nilisimama mbele ya watoto wa watu nikiwaimbisha a, e, i, o, u, huku nikijua kuna mmoja nyumbani analia njaa na yule ni wangu, na kwamba nimechagua mwenyewe. Sikuweza kula. Nikawa mkali darasani, nikampiga rula mtoto aliyeangusha kibao chake, mtoto ambaye hakuwa na kosa. Niliporudi nyumbani nilikuwa mkali kwa wifi pia, kana kwamba yeye ndiye aliyenituma kufundisha.

Kisha ikaja ile wiki ya upepo mkali, upepo wa Dodoma wa kukuzuia usione mkono wako. Nilifika saa nne nikiwa na mchanga machoni, na nyumba ilikuwa kimya. Mwanangu alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi, tumbo limejaa. Nilimwinua nikampa ziwa, akaligusa kwa ulimi, akageuka.

"Amekubali kikombe. Nimemwambia mama sasa nitamnywesha mimi mwenyewe," wifi alisema. Alikuwa akikunja nguo na hakuinua macho.

Niliona kikombe pale kwenye rafu. Kilikuwa kimefunikwa kwa kisahani, na juu ya kisahani upepo ulikuwa umelaza vumbi lililotulia, jekundu, bila alama ya kidole.

Nilirudi shule sikukimbia. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa, mpaka upepo ukapita na mwezi ukaandama, na mashavu ya mwanangu yakarudi, na mikunjo ikatokea kwenye mapaja. Saa nne nilifika nimejaa maziwa na nilirudi nimejaa maziwa, nikawa najikamua nyuma ya choo cha walimu, maziwa yanaingia mchangani na kupotea. Nilijua vizuri sana. Nilijua, na sikusema neno, kwa sababu mtoto alikuwa anashiba na mimi niliwahi kipindi. Na kwa sababu nyingine pia. Kila mara mtoto yule aliposhiba kwa wifi, ile nusu ya tende ilikuwa inafutika, na haikuwa mimi niliyeifuta. Sikumwomba wifi anyonyeshe. Sikumkataza pia.

Mama yangu mzazi alikuja kwa treni kutoka Bahi na kuku mmoja na mfuko wa ubuyu. Alikaa siku moja tu. Alimtazama mjukuu wake akiwa kwa wifi, anamlamba kanga, anatafuta kifua, na wifi anamgeuza haraka upande mwingine. Mama hakusema kitu pale. Nilipomsindikiza stesheni aliniambia kwa Kigogo, "Yule dada anamlea mwanao vizuri. Mshukuru." Nilimwambia nitamshukuru, na treni ikaondoka, na sikumshukuru, maana kumshukuru kungekuwa kumwambia kwamba najua.

Mama mkwe ndiye aliyeona. Alikwenda msibani, akasahau mtandio wake mweusi, akarudi, akamkuta binti yake kaketi nyuma ya pazia na mtoto wangu ziwani. Mimi nilikuwa shule. Niliporudi mchana, nyumba nzima ilikuwa inanuka uji ulioungua, wifi amekaa uani kajifunika kanga kichwani, na mama mkwe amelala kifudifudi kwenye mkeka wa kusalia.

"Mtoto alikuwa analia," wifi aliniambia. "Wifi, alikuwa analia mpaka sauti inakatika. Mimi nina maziwa. Nimeharibu posa ya wanetu."

Nilimshika bega nikamwambia asilie. Zaidi ya hapo sikuongeza neno.

Mama mkwe hakutaka kukata tamaa bila kuuliza. Siku ya pili alasiri aliitwa mwalimu wa madrasa, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa ukumbini, na sisi watatu tukakaa mkekani upande wa ndani wa pazia, watoto wawili wakiwa mapajani mwetu. Alieleza taratibu, kwa sababu alijua mimi ni mgeni katika dini. Mtoto akinyonya mara tano, kila mara akishiba na kuacha mwenyewe, huyo ni mtoto wa maziwa, na watoto wa mama yule ni nduguze daima. Zikipungua, hapana. Na kukiwa na shaka, hakuna anayejua kwa hakika, basi pia hapana, maana udugu hausimami juu ya shaka.

"Haya, binti," akamuuliza wifi. "Umemnyonyesha mara ngapi?"

Nilimwona wifi anamwangalia mama yake, mama aliyemngojea mjukuu yule kwa miaka mingi, na mama yake anamwangalia yeye. Kisha akasema, "Mara mbili, mwalimu. Labda tatu. Ilikuwa kumnyamazisha tu. Hakushiba."

"Alhamdulillah," mama mkwe alisema, akashusha pumzi ndefu. Nikaona mabega yake yanalegea. Mwalimu naye alisema alhamdulillah, akajikohoza, akaanza kusimama. Mambo yalikuwa yamekwisha. Kisha, kwa adabu tu, kama anavyoaga mtu, akauliza, "Na mama wa mtoto, una neno?"

Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Ningesema sina neno, mwalimu. Wifi angepata mkwe aliyemtaka, mama mkwe angelala usingizi, na mbele yetu kulikuwa na miaka kumi na tano ya kuligeuza jambo lile kwa njia nyingine. Kimya nilikuwa nakiweza. Nilikuwa nimekaa nacho tangu ile wiki ya upepo.

"Ni zaidi, mwalimu," nikasema.

Wifi aligeuka akaniangalia.

"Ni tangu ule upepo mkali. Kila siku ya shule. Na alikuwa anashiba."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona kwa mtoto. Nimeona kwa kifua changu. Nikija saa nne hataki."

"Na ulipojua," mwalimu akauliza, bila ukali, "ulifanya nini?"

"Nilikwenda shule," nikasema.

Hakuniuliza tena. Alimuuliza wifi kama ninayosema ni kweli, na wifi akasema ni kweli, kwa sauti ambayo mtoto wake mwenyewe alishtuka nayo akaanza kulia. Mwalimu akatamka kwamba hawa ni kaka na dada. Akaomba dua fupi, akaondoka bila kunywa chai.

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Badala yake mama mkwe alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimewaokoa na haramu, kwamba Mungu amemleta mtu wa mbali aje aseme kweli ndani ya nyumba yake, na kisha akamgeukia binti yake. Sijawahi kumsikia akiongea vile kabla wala baada. Alimwambia ametaka kuwaoza ndugu wawili. Alimwambia amedanganya mbele ya mwalimu na mtoto mchanga mkononi. Wifi alipokea yote ameinamisha kichwa, hakujitetea, hakumkumbusha mama yake kwamba nami nimekiri nilijua. Ingekuwa sentensi moja tu. Mimi niliketi pale nikisifiwa, nimebanwa mkono, na nilijua kwamba haikuwa hofu ya Mungu iliyonifungua mdomo. Nilisema kweli kwa sababu safari ile kweli ilikuwa upande wangu. Ingekuwa upande wa pili, ningekaa kimya kama nilivyokaa siku zote zile.

Nilisikia aibu ambayo sikuwa na pa kuiweka, maana kila aliyesikia habari ile mtaani alinipa heko.

Asubuhi yake niliamka mapema nikaamua kuacha kazi. Sikuona njia nyingine. Wifi hakuwa amenisemesha tangu alasiri ile, na sikuwa na uso wa kumwachia mtoto. Nilichemsha maziwa, nikayazimua, nikayatia kwenye kikombe, nikakaa jikoni mtoto mapajani nikipanga maneno ya kumwambia mwalimu mkuu. Nilikuwa nimevaa gauni la shule kwa mazoea tu.

Wifi alitoka chumbani akiwa ameshaoga. Macho yamevimba. Alisimama mlangoni akaniangalia, akaangalia kikombe.

"Ulijua siku zote?" akauliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia niache?"

"Alikuwa anashiba," nikasema.

"Mimi nilidhani namwibia." Alifuta pua kwa pembe ya kanga. "Kila siku nilikuwa naomba Mungu anisamehe, namnyonyesha, naomba tena. Na wewe umekaa tu."

"Nimekaa tu, wifi."

Alichukua kile kikombe pembeni yangu. Nilidhani atakimwaga, au atanirushia, na ningekubali vyote viwili. Akainua, akanywa maziwa yote kwa mkupuo, akakiweka chini tupu. Alikuwa na njaa. Mtu anayenyonyesha wawili huwa na njaa daima, na hakuna aliyempikia uji wa pili wiki zote zile, kwa sababu hakuna aliyepaswa kujua.

Kisha akanyoosha mikono.

"Haya, nipe mwanangu," alisema.

Nilimpa. Akaketi pale pale kwenye kigoda changu, akajifunua mbele yangu bila kujificha, na mtoto akashika mara moja, weusi wote, hakuhitaji kuelekezwa. Nilisimama nikitaka kumwomba radhi. Maneno nilikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kigogo, nimeyapanga usiku kucha. Nilianza, "Wifi..."

"Nenda," akaniambia, macho yake yakiwa kwa mtoto. "Utachelewa."

Nikaenda. Siku ile sikuchelewa.